Alama ya Shangazi

Chuo kizima kilimwita Nusunusu, na jina lilimkaa utadhani alizaliwa nalo. Ndiye mwanafunzi pekee aliyebaki kwenye ile kozi ya kuchanganya akiolojia na lugha za kale, yaani Kigiriki na Kilatini, kozi iliyoanza na wanafunzi wanne na mbwembwe nyingi. Wa kwanza alikimbia baada ya wiki moja ya kuchimba juani. Wa pili alihamia sheria siku alipoonyeshwa vitenzi vya Kigiriki. Wa tatu hakuaga hata. Watu waliikuta kofia yake shimoni, basi. Nusunusu akabaki peke yake, asubuhi amepiga magoti anakwangua udongo kwa mwiko, mchana yuko darasani anapambana na barua za watu waliokufa zamani, kucha bado zina tope. Watu wa akiolojia walimwona mtu wa vitabu. Watu wa vitabu walimwona mtu wa mashimo. Na yeye, maskini, alikuwa anahangaika kuwaridhisha wote.

Idara zenyewe zilikuwa ghorofa moja, kwenye korido moja, kila moja na ncha yake. Ncha ya kushoto alikaa Profesa Mwiko, mkuu wa akiolojia, aliyeitwa hivyo kwa sababu mwiko wake wa kuchimbia haukutoka mfukoni hata siku ya harusi ya bintiye. Ncha ya kulia alikaa Bi Sarufi, mwalimu wa Kigiriki, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, ambaye angeweza kukusamehe wizi lakini si kitenzi kilichokosewa. Wawili hao walikuwa hawajakaribishana hata chai kwa miaka tisa. Sababu ya ugomvi hakuna aliyeikumbuka, wenyewe pia nadhani walishaisahau, lakini waliutunza vizuri. Kozi ya pamoja ilikuwa jaribio la wakuu wa chuo kuwapatanisha, na Nusunusu ndiye kamba iliyofungwa katikati.

Nyuma ya jengo kulikuwa na banda la kuoshea vigae. Mle ndani mlikuwa na tanki la maji, mabeseni sita, miswaki mikuukuu kwenye kopo, masinia ya waya ya kukaushia, na Mama Beseni. Huyu alikuwa ameosha vigae kwa miaka kumi na moja. Vilitoka kwenye jalala la mji wa bandari wa kale, ambako wafanyabiashara wa mbali waliandikiana kwa wino juu ya vipande vya vyungu vilivyovunjika, maana mtu asiye na karatasi huandika popote. Kati ya vigae elfu moja, labda kimoja kilikuwa na maandishi, na macho ya kukiona hicho kimoja hayauzwi dukani. Profesa Mwiko aliwaambia wanafunzi kila mwaka, bila kumung'unya maneno, kwamba akiambiwa achague kati ya wao wote na Mama Beseni, atachukua kalamu awaandikie barua za kuwaaga.

Mama Beseni ndiye aliyekuwa akiwafundisha kanuni ya banda. Unachovya kigae mara moja kwenye maji safi, unakitazama pande zote mbili kingali kibichi, kwa sababu wino uliofifia hujitokeza ukilowa. Usipoona kitu, sugua kwa mswaki upendavyo. Ukiona hata nukta nyeusi, mkono unasimama hapo hapo: unakiweka kivulini, unamwita Profesa. Mwishowe unaweka kikaratasi juu ya sinia lako na alama yako, ili ijulikane nani ameosha nini. Alama ya Mama Beseni ilikuwa vijistari vitatu vilivyosimama na kimoja kilicholala juu yao, mfano wa chanuo. Alisema jina lake refu mno, halienei kwenye kikaratasi.

Sasa, jambo ambalo chuo kizima hakikulijua ni hili: Mama Beseni alikuwa shangazi yake Nusunusu, dada wa baba yake, tumbo moja. Waliishi nyumba moja, walikula chungu kimoja, na kila asubuhi walitoka mlango mmoja wakipishana dakika ishirini. Hiyo ya dakika ishirini ilikuwa fikra ya Nusunusu. Mwaka wa kwanza alimwambia shangazi yake, huku anajifanya anatafuta kitu kwenye begi: "Shangazi, kule chuoni tusijuane sana. Watasema napendelewa."

Shangazi alimtazama kidogo, akasema, "Sawa, mwanangu."

Napendelewa! Nani aliwahi kupendelewa kwa kuwa shangazi yake anaosha vigae? Ukweli ni kwamba alikuwa anaona aibu. Wenzake walikuwa watoto wa mahakimu na madaktari, na wengine walikuwa wamesomeshwa Kilatini tangu utotoni. Yeye hakutaka wajue kwamba yule mama mwenye aproni ya nailoni na vidole vilivyonyauka kwa maji ndiye aliyemlea. Nusunusu alimpigia shikamoo mlinzi wa getini hadi anainama. Lakini shangazi yake mwenyewe alimpita na "habari za kazi" iliyosemwa ukutani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, saa saba kasorobo mchana. Shangazi alikuwa amekwenda stoo kumkabidhi mtunza stoo masinia ya asubuhi, kila sinia likiandikwa daftarini na saa yake. Nusunusu aliingia bandani peke yake kupunguza saa zake za kuosha, maana kila mwanafunzi wa akiolojia alitakiwa kutimiza saa thelathini kabla ya mtihani. Akachovya kigae cha kwanza, hamna kitu. Cha pili, hamna. Cha tatu, hivyo hivyo. Cha nne kikatoa wino.

Ulikuwa wino mweusi, upande wa ndani, chini ya ganda jembamba la chokaa. Pembeni herufi moja ya Kigiriki ilikuwa wazi, na nyuma yake kilionekana kivuli cha nyingine. Kanuni aliijua. Simama, weka kivulini, mwite Profesa, naye atalibandua ganda lile kwa kijiti kikavu chini ya lenzi, hata limchukue wiki mbili. Mchimbaji aliyekuwa ndani yake alisema acha. Msomaji aliyekuwa ndani yake alikuwa ameshaanza kusoma. Hilo lilikuwa kosa ambalo mchimbaji mtupu asingelifanya, kwa sababu herufi zisingemwambia kitu, wala msomaji mtupu asingelifanya, kwa sababu asingekuwa na mswaki mkononi. Lilimhitaji mtu wa kozi ya pamoja.

"Mara moja tu," akajiambia.

Akasugua mara moja. Ganda likaachia, herufi tatu zikatokea nyeusi ti, na mkia wa ya nne. Akasugua tena. Hapo wino ukaanza kuondoka, ukayeyuka kama chai iliyomwagiwa maji, naye akatoa macho, mswaki umeganda hewani. Hakuwahi kuvuta pumzi ya tatu, kigae kilikuwa kitupu. Maandishi yaliyongoja miaka elfu mbili yalikuwa ndani ya beseni la plastiki.

Aliishika kalamu mkono unamruka, akaandika kwenye daftari lake dogo: saa, namba ya mfuko wa vigae, zile herufi tatu, na chini yake, "Nimetumia mswaki. Wino umeondoka. Mungu wangu." Hiyo ndiyo tabia waliyofundishwa na Profesa Mwiko. Andika kwanza, ogopa baadaye.

Akaogopa. Aliiona shahada yake inakwenda arijojo, aliwaona wale watoto wa mahakimu wakinong'onezana, na kutoka stoo akasikia shangazi yake anacheka na mtunza stoo, yuko njiani kurudi. Akachukua sinia tupu, akaweka kigae kile pamoja na vile vitatu vingine, akachukua kikaratasi, akachora vijistari vitatu vilivyosimama na kimoja kilicholala juu yao. Alijiambia kwamba miaka kumi na moja shangazi hajaulizwa kitu, na hata sasa hataulizwa. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mtu mwenye akili angekomea hapo. Lakini herufi tatu zilikuwa zinamwasha. Kutwa nzima ya Jumanne alikaa maktabani akizizungushia maneno kwenye daftari lile lile, anaandika, anakata, anaandika tena. Zingeweza kuwa mwanzo wa "mama", zingeweza kuwa mwanzo wa maneno mengine kumi. Akachagua mama. Mama akahitaji mtu wa kumwambia kitu, na kitu kikahitaji kuwa kizuri. Kufikia alasiri alikuwa na sentensi kamili ya Kigiriki safi: "Mwambie mama nimefika salama." Akaiandika upya kwenye karatasi nyeupe, akaenda nayo kwa Bi Sarufi. Alisema amekikuta kigae kwenye sinia, kimeshaoshwa, wino unafifia kadiri kinavyokauka, akawahi kunakili.

Bi Sarufi aliisoma mara mbili. Alivua miwani, akaifuta, akaisoma mara ya tatu, na macho yalikuwa yamemlowa. "Binti yangu," alisema, "unajua umemsikia nani? Umemsikia mtu." Kisha akafanya jambo lililowatoa makatibu wote milangoni: alitembea korido nzima, tapu tapu tapu, akagonga mlango wa Profesa Mwiko.

Profesa naye aliisoma. Halafu akauliza swali lake, kwa sauti ndogo.

"Nani alikiosha?"

Jumatano saa tatu asubuhi Mama Beseni aliitwa ofisini. Alikuja na aproni yake, mikono bado inachuruzika, akasimama karibu na mlango asilowanishe zulia. Bi Sarufi alikuwa ameketi dirishani, na Nusunusu, shujaa wa wiki, alikuwa amepewa kiti. Kikaratasi kilikuwa mezani.

"Mama," alisema Profesa, "hii alama ni yako?"

Shangazi aliinama akaitazama. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kutazama vijistari vinne.

"Alama ni yangu. Kigae sikukiosha."

"Alama ni yako, kigae hukukiosha."

"Ndivyo, Profesa."

"Sasa aliyekiosha nani, jini?"

Shangazi aliinua uso. Macho yake yalipita kwa Bi Sarufi, yakapita kwa Nusunusu, hayakusimama kwa yeyote. "Mimi sikukiosha. Hilo ndilo ninaloweza kusema. Kwenye kabati lile vimo vigae arobaini na tatu vya maandishi. Thelathini na nane niliviona mimi."

"Najua," alisema Profesa, na alionekana kuumia kweli. "Ndiyo maana nashindwa kuelewa. Ungesema tu umechoka, umepitiwa, ningekuelewa. Lakini mtu anayekana alama yake mwenyewe, mama, siwezi kumwachia tena beseni. Kuanzia Ijumaa utahamia usafi wa majengo."

Nusunusu alikuwa anazitazama nyuzi za zulia. Neno moja tu lilitakiwa, na alilijua, na akalimeza. Bi Sarufi, kwa huruma, akamgeukia. "Unamfahamu huyu mama? Pengine ana matatizo nyumbani?"

"Namwona tu pale bandani," alisema Nusunusu.

Shangazi alikuwa bado hajafika mlangoni.

Jioni ile nyumbani hakukuwa na ugomvi, na afadhali ungekuwepo. Shangazi alipika, akampakulia Nusunusu kwanza kama kawaida, akamwambia, "Kula, kitapoa." Akakaa upande wa pili wa meza. Hakuuliza kitu. Nusunusu alikuwa ameandaa majibu ya maswali yote, hata ya hasira, hata ya machozi, na hakuna hata moja lililopata kazi.

Simu ikalia. Alikuwa baba yake Nusunusu, ambaye siku ya Jumanne alishapigiwa habari njema na bintiye mwenyewe, kiherehere hicho. Sauti ya baba ilikuwa kubwa, haikuhitaji spika.

"Dada! Ati mtoto kasoma maandishi ya miaka elfu mbili? Ni kweli au ananitilia chumvi?"

Shangazi alimtazama Nusunusu juu ya sahani.

"Amesoma, kaka," alisema. "Walimu wote wanamsifu."

"Na wewe hapo chuoni wanakuonaje sasa? Si wanakupa heshima zako?"

"Mimi niko salama, kaka. Wasalimie huko."

Akakata simu, akakusanya vyombo. Nusunusu alitaka ardhi ipasuke. Alikwenda kusaidia kuosha vyombo, na shangazi akamwambia taratibu, "Acha, nitaosha mwenyewe." Hilo ndilo neno pekee la jioni nzima lililokuwa na makali, na lilimkata barabara.

Alhamisi asubuhi Nusunusu alipiga moyo konde, akaenda kwa Profesa Mwiko. Alikuwa amejipanga vizuri ila alianza vibaya. Badala ya kuanza na kigae, alianza na undugu.

"Profesa, yule Mama Beseni ni shangazi yangu."

Profesa aliweka kalamu chini. "Shangazi yako?"

"Dada wa baba. Naishi kwake. Na kile kigae hakukiosha yeye. Nilikiosha mimi. Alama niliichora mimi."

Alingoja afukuzwe. Profesa alimtazama, na uso wake, badala ya kukunjamana, ukalainika. Alisimama, akazunguka meza, akamvutia kiti.

"Sasa naelewa," alisema. "Naelewa kwa nini jana ulikuwa umejiinamia vile. Binti, una moyo mzuri. Si watu wengi wangejibebesha kosa kubwa hivi kwa ajili ya ndugu. Lakini sitakubali uharibu shahada yako. Shangazi yako hatalala njaa, kazi anayo. Nenda, na mimi sitamwambia mtu kwamba ulikuja."

"Profesa, nasema kweli."

"Ungekuwa wewe, ungesema jana alipokuwa amesimama hapo. Hakuna mtu anayemwacha shangazi yake asimame vile."

Alisema hivyo kwa wema kabisa. Nusunusu alitoka koridoni. Na sasa ngoja niseme lile ambalo yeye mwenyewe ilimchukua muda kulikiri: alisikia raha. Kifua kilimwachia. Si amesema? Amesema, hakuaminiwa, kosa la nani? Alikuwa ameungama na hakulipa chochote. Aliteremka ngazi karibu anapiga mluzi.

Chini ya ngazi alimkuta shangazi yake amesimama na msimamizi wa usafi, bwana mmoja mwenye funguo nyingi kiunoni, aliyekuwa anamwonyesha kazi ya kuanza kesho. "Ndoo nyekundu vyooni, ndoo ya bluu koridoni, usichanganye," alikuwa anasema. "Tambara lowesha, kamua, piga. Haya, jaribu nikuone."

Shangazi alichukua tambara jipya. Alilichovya pembe moja majini, mara moja, akalitoa, akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule, akalitazama karibu na macho.

Msimamizi alicheka. "Unatafuta nini humo, mama? Ni tambara."

Shangazi naye alicheka kidogo, ameshikwa na haya. "Mazoea," alisema. Kisha akalizamisha lote.

Nusunusu aligeuka akapanda ngazi. Ile raha ilikuwa imemtoka yote, na mahali pake palijaa aibu ambayo hakuwahi kuijua, aibu ya kumfanya mtu kama yule aone haya kwa sababu ya umahiri wake. Ushahidi alikuwa nao, na alijua tangu mwanzo kwamba anao. Ulikuwa ndani ya begi. Alikuwa hajautoa kwa Profesa kwa sababu moja tu: lile daftari ambalo lingemsafisha shangazi ndilo lingeua "Mwambie mama nimefika salama." Saa na mswaki vilikuwa ukurasa wa kulia. Ukigeuza, zilikuwepo kurasa nne za maneno yaliyokatwakatwa.

Akapita mlango wa Profesa, akaenda hadi ncha ya kulia, akamwomba Bi Sarufi afuatane naye. Alilifungua daftari mezani mbele yao wote wawili, akarudi nyuma hatua mbili. Hakukaa.

Profesa alisoma ukurasa wa kulia. Saa saba kasorobo, wakati ambao daftari la stoo lilionyesha Mama Beseni anakabidhi masinia. Mwandiko ulikuwa unayumba. "Nimetumia mswaki. Wino umeondoka. Mungu wangu." Alilisukuma daftari upande wa mwenzake. Bi Sarufi ndiye aliyegeuza kurasa. Alisoma zote nne, kidole kinapita juu ya kila neno lililokatwa, kama anavyosahihisha mtihani.

"Uliona herufi ngapi?" aliuliza.

"Tatu."

"Na 'nimefika'?"

"Niliitunga."

"Na 'salama'?"

"Niliitunga, Mwalimu."

"Leo asubuhi nimelisomea darasa la mwaka wa kwanza," alisema Bi Sarufi. "Niliwaambia wafunge macho wamsikilize huyo mtu." Alilifunga daftari, akamrudishia kwa ncha za vidole. "Herufi tatu zingenitosha. Ningekaa nazo miaka iliyobaki, ningekuwa na furaha. Sasa nikizitazama nitakuwa nakusikia wewe."

Nusunusu alilia hapo, na hakuna aliyemzuia wala aliyemwonea huruma. Walimu walimweleza kwa zamu yatakayofuata, nusu huyu nusu yule, mara ya kwanza kwa miaka tisa wanaafikiana juu ya jambo: kamati ya nidhamu, mwaka kurudiwa ikiwa atabakishwa, na asiguse kigae mpaka aambiwe. Profesa Mwiko akachukua kile kikaratasi chenye alama, akakichana vipande viwili, akateremka mwenyewe bandani. Wanafunzi waliokuwepo walisema baadaye kwamba alimwomba Mama Beseni radhi mbele ya watu, amesimama wima, na kwamba alipomaliza alijifanya kutafuta kitu kwenye tanki.

Alasiri Nusunusu alikwenda bandani. Shangazi alikuwa amerudi kwenye beseni lake, na wanafunzi watano walikuwa wamekaa mbele yake wanachovya. "Shangazi," alisema Nusunusu pale mlangoni, na vichwa vitano vikageuka. Tayari chuo kizima kilikuwa na habari. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, na wote wakapata ghafla shughuli nyingine ya kwenda kufanya.

"Shangazi, nisamehe. Nimekukosea sana. Sina hata pa kuanzia."

"Nilijua tangu ofisini," alisema shangazi. Aliendelea kuosha. "Watu wawili tu wanajua kuichora hiyo alama vizuri, na mmoja ni mimi. Wewe ulikuwa unaichora ukutani ukiwa mdogo, unasema ni yako."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba mwizi ni mtoto wangu? Na mtoto mwenyewe anasema ananiona tu bandani?" Aliweka kigae kwenye sinia, akaukung'uta mswaki. "Yaliyopita ofisini yamepita. Profesa ameniomba radhi, na nimempa. Wewe nina swali moja. Nijibu kweli, hata kama ni bovu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Ulipokuwa unachora alama yangu pale kwenye kikaratasi, mkono ulitetemeka?"

Uongo ulikuja haraka, mzuri, wenye dawa ndani yake. Ulitetemeka sana, Shangazi, nusura kalamu inidondoke. Kwa uongo huo wangekwenda nyumbani pamoja leo hii, na pengine wangecheka njiani. Nusunusu alifungua mdomo, na akamwona shangazi yake anamtazama vilevile anavyotazama kigae kibichi, pande zote mbili.

"Hapana, Shangazi. Haukutetemeka."

"Hata kidogo?"

"Nilijaribia kwanza kiganjani. Mara tatu. Nilitaka ifanane."

Shangazi alikitazama kile kiganja, kilichokuwa safi kabisa, kikining'inia tu pembeni. Aliinuka, magoti yakalia, akabeba beseni akamwaga maji machafu kwenye mfereji wa nje, halafu akaenda tankini kuchota mengine. Hakumwambia aondoke, wala hakumwambia akae.